Sikio unalo, mama, bado masomo



Juma hili ninaacha pembeni habari ya lishe niliyowaahidi, kwa sababu katika sanduku letu la maswali imeingia karatasi moja ambayo haiwezi kungoja. Wakati wa kuandikisha wanafunzi unakaribia, na mama aliyeandika anapaswa kukata shauri kabla ya zamu yake ya likelemba. Ninaiweka hapa kwa ufupi, nikiwa nimeondoa kila kitu ambacho kingemtambulisha.

«Mimi ni mama wa watoto watano, nina miaka 41. Nilipata diploma ya Serikali katika pedagojia, nikaolewa mwaka uleule, na tangu pale niko nyumbani: kuzaa, kulea, kumuuguza mama mkwe mpaka alipotuaga. Watu wa avenyu yetu wanakuja kwangu kila siku na matatizo yao. Hata shefu wa avenyu ananitumia watu waliogombana. Ninataka kusoma saikolojia ili iwe kazi yangu. Zamu yangu ya likelemba inaingia mwezi ujao. Lakini binti yangu wa kwanza amefanya Egzeta mwaka huu, naye anataka kuingia chuo kikuu. Bwana yangu ni mwalimu, mnajua mshahara wa mwalimu. Anasema: pesa ni moja, wanafunzi ni wawili, nani atasoma? Na wamama wenzangu wa kanisani wanasema hii ni tamaa, mama wa miaka yangu anatafuta nini na watoto kwenye benchi. Je, nina haki ya kutaka kitu hiki?»

Haki unayo, mama. Ninaanza na hilo kwa sababu ni fupi. Kode ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kusaini mkataba wowote unaomfunga kufanya kazi yeye mwenyewe. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kode hiyo iliifuta ruhusa ile. Leo bibi na bwana wanatakiwa kusikilizana, na wakishindwa kabisa kuna tribinali ya amani. Simwambii mtu ampeleke bwana yake tribinali juu ya minervali! Ninasema tu kwamba anayekuambia «sheria inakataza» anasoma kitabu cha zamani.

Lakini sheria hailipi chuo, wala haipiki bugali ya saa sita. Ndiyo maana inafaa tuongee kwa marefu. Wanaonijua wanajua kwamba mimi mwenyewe nilikaa nyumbani miaka 13 kabla ya kurudi kwenye benchi, na leo ninapokea watu katika sentre moja ya afya ya mji wetu wa Bukavu. Kwa hiyo msinichukue kama hakimu asiye na upande.

Juu ya hao watoto kwenye benchi: ni kweli, utakaa nao. Siku ya kwanza watakuita «mama» na kukupisha kiti. Siku ya pili watakuomba notisi zako, kwa kuwa mwandiko wako unasomeka. Siku ya tatu watakutuma kwa asistani ukamwombe asogeze interogasyo, maana mama mtu mzima hafukuzwi mlangoni. Aibu inapita haraka kuliko unavyofikiri. Tena kuna somo ambalo wewe utalielewa kabla yao wote.

Mwaka 1954 bibi mmoja, jina lake Mary Ainsworth, alifika Kampala, hapa jirani Uganda. Alikuwa mwanasaikolojia, lakini hakuja kwa kazi yake. Alimfuata bwana yake aliyepata kazi kule. Akaanza kutembelea familia 26 katika vijiji vya karibu. Alikaa na wamama wa Kiganda, mkalimani pembeni, akitazama: mtoto mchanga anamfuata nani kwa macho, analia nani akitoka, anatulia mikononi mwa nani. Mwaka 1967 alitoa kitabu juu ya watoto wale, na leo mwanafunzi wa saikolojia, awe Kinshasa au London, anasoma mambo yaliyotokana na nyumba zile: kwamba mtoto hamshiki mama juu ya maziwa peke yake, anamshika juu ya usalama, na kwamba mtoto aliye na hakika ya mama ndiye anayethubutu kwenda mbali naye. Wamama wale hawakusoma kitabu hicho. Wao ndio walikuwa kitabu.

Jean Piaget wa Uswisi naye, ambaye jina lake utalisikia mpaka uchoke, sehemu kubwa ya aliyoandika juu ya akili ya mtoto mchanga aliipata kwa kuwatazama watoto wake mwenyewe watatu, akisaidiana na bibi yake. Funika kijiko kwa kitambaa mbele ya mtoto wa miezi mitano: kwake kijiko kimekwisha duniani, hakitafuti. Rudia akiwa na miezi kumi: ataivuta ile nguo. Kijana wa miaka 19 anakariri jambo hili kwa ajili ya mtihani. Mama wa watano ameliona mara tano.

Ndiyo faida yako. Sasa nikuambie mahali ambapo faida hiyo inageuka kuwa mzigo.

Tazama namna tunavyosikilizana huku kwetu. Jirani anaingia analia. Kabla hajamaliza neno la tatu tumeshasema: «Vumilia, ndoa ni kuvumilia.» Au: «Mwombe Mungu, atakufanyia.» Au tunamletea ya kwetu: «Hata mimi mwaka ule…», na dakika kumi baadaye yeye ndiye anayetufariji. Sisemi ni ubaya. Bila hiyo wengi wetu tungekuwa tumeshakufa kwa uchungu. Lakini si kazi ya saikolojia. Katika staji nimewaona wamama wengi wakipita, na kilichowashinda mwanzoni hakikuwa vitabu, kilikuwa kunyamaza. Unauliza swali moja, halafu unangoja. Yeye anatazama chini. Unangoja. Dakika moja ya kimya mbele ya mtu anayelia ni ndefu kuliko foleni ya maji ya asubuhi, na mkono wa mama unataka kwenda kumpangusa machozi, na mdomo unataka kusema «basi, basi, nyamaza». Kumbe machozi yale ndiyo yaliyokuwa yanakuja kusema kitu, na wewe umeyafunga.

Vilevile kupatanisha. Unasema shefu wa avenyu anakutumia wagombanao, na hiyo ni sifa kubwa. Lakini mpatanishi anataka ugomvi uishe leo jioni, watu wapeane mikono, kila mtu alale. Mwanasaikolojia hana haraka hiyo. Mwanamke anayepigwa nyumbani, mpatanishi anaweza kumrudisha kwa bwana yake na maneno mazuri na jogoo. Wewe ukishasoma utajifunza kumuuliza kwanza kama usiku huu ana mahali salama pa kulala.

Kuna jambo lingine, na nadhani hujaambiwa. Wale watu wa avenyu yako, ambao juu yao ndiyo unataka kusoma, ndio hasa ambao hutaweza kuwatibu. Kazi hii ina kanuni: humtibu shemeji yako, wala mama mnayekaa naye likelemba moja, wala jirani ambaye mtoto wake anacheza na wako. Utamtuma kwa mwenzako. Naye ataudhika, atasema «tangu asome anajivuna, zamani alikuwa anatusikiliza kwenye mkeka». Hiyo inauma kuliko mtihani wowote. Na siri ndiyo usiseme: unachosikia ofisini hakifiki kwa bwana yako kitandani, hakifiki kwa pasta, hakifiki kwa rafiki wa utotoni. Kode penale ya nchi yetu inaadhibu mtu anayetoa siri aliyoipata kwa kazi yake. Sisi tunaojua habari zote za kartie kabla ya redio tunapaswa kujipima hapo kwa ukweli.

Sasa, kazi yenyewe ni ipi? Mtu anayekuja sentre ya afya kwetu hasemi «nina ugonjwa wa huzuni». Anasema: moyo unapiga mbio, kichwa kinazunguka, usingizi haukuji, nina mawazo. Neno hilo «mawazo» linabeba mambo mengi. Linabeba deni, linabeba mtoto aliyepotea katika kukimbia vita, linabeba jambo lililofanyika shambani ambalo mama hajamwambia mtu yeyote kwa miaka. Muuguzi anapima malaria, hakuna; anapima presha, iko juu kidogo; anampa vidonge anarudi nyumbani, na baada ya juma moja yuko tena kwenye benchi la kungojea. Mwanasaikolojia ni yule anayelichukua neno «mawazo» na kulifungua polepole. Hatoi dawa, dawa za akili zinatolewa na daktari. Yule aliyepoteza fahamu za dunia, anayesikia sauti, anayetembea usiku bila nguo, tunamfikisha kwa wataalamu kama wale wa SOSAME hapa Bukavu au Tulizo Letu kule Goma. (Ninaomba tuache kutumia jina la SOSAME kama tusi sokoni. Ni nyumba ya kuponya watu, na wengine kati yetu tumelaza wa kwetu pale.)

Na nani anaifanya kazi hii mashariki mwa nchi yetu? Wengi si wenye doktora. Ni wale tunaowaita APS, wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, na wengi wao ni wamama. Pale Panzi, hospitali iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, mwanamke aliyebakwa anasaidiwa kwa njia nne pamoja: mwili, roho, sheria na riziki. Hiyo njia ya pili isingesimama bila mtu wa kukaa na mgonjwa na kumsikiliza siku baada ya siku.

Na msidhani ni kazi ya kushikana mikono tu. Mwaka 2013 jarida kubwa la udaktari la Marekani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa huku kwetu mashariki, pamoja na wanawake 405 waliopitia ubakaji. Katika vijiji fulani, wanawake 157 walifuata tiba ya vikundi yenye hatua zake: kikao kimoja cha mtu peke yake na vikao 11 vya kikundi, ambamo mtu anajifunza kuyatazama mawazo yanayomfunga, kama lile la «kosa lilikuwa langu», na kuyajadili. Katika vijiji vingine, wanawake 248 walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, katika kundi la kwanza waliobaki na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa mia. Katika kundi la pili walikuwa 42 kwa mia. Waliowaongoza ni APS, wanawake wa Kikongo. Elimu waliyotakiwa kuwa nayo ilikuwa angalau miaka minne baada ya shule ya msingi, pamoja na mafunzo na mtu wa kuwasimamia. Kwa kuwa wagonjwa wengi hawakujua kusoma, mazoezi yaligeuzwa ili mtu ayashike kwa kichwa badala ya kuyaandika.

Soma tena mstari ule wa miaka minne, mama, wewe uliye na sita na diploma. Soma pia kwamba makundi yote mawili yalisikilizwa na watu wenye huruma, lakini lile lililoongozwa na wanawake waliofundishwa namna maalumu ndilo lililopona zaidi. Ndiyo maana sikuambii «endelea tu na kipaji chako». Kipaji chako kinastahili kufundishwa.

Zimbabwe nao walifanya kitu cha jamaa moja na hiki. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, akawafundisha kusaidia watu wenye ugonjwa ambao kwa lugha yao unaitwa kwa neno la «kufikiri mno», yaani mawazo yetu yaleyale. Wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Kwa hiyo anayekuambia miaka 41 ni mingi, mwambie kuna mahali wewe ungekuwa mtoto wa kutumwa maji.

Turudi kwako. Milango iko miwili, na haifanani bei.

Mafunzo ya APS hutolewa na hospitali na mashirika, kwa majuma au miezi, mara nyingi bila minervali, lakini mara nyingi pia yanafuatana na mradi: mradi ukianza wanatafuta watu, ukiisha wanawaaga. Pedagojia yako inakubalika vizuri pale. Mlango wa pili ni chuo kikuu. Diploma ya Serikali haiozi. Ile ya zamani bado inaingiza mtu chuoni. (Dada aliyeacha shule kabla ya diploma naye hajafungiwa: kuna njia ya kufanya Egzeta kama mtu aliyejisomea mwenyewe, wale tunaowaita otodidakte. Aulizie ofisi ya elimu mapema, kwa kuwa kuna mtihani wa kupita kwanza.) Angalia neno «lisanse», maana limebadilika. Zamani graduat ilikuwa miaka mitatu, kisha lisanse miwili juu yake. Sasa katika mpango wa LMD lisanse ndiyo ile miaka mitatu ya kwanza, kisha masta miaka miwili. Kwa maoni yangu, anayetaka kukaa peke yake na mgonjwa na kujiita mwanasaikolojia wa kliniki afike mwisho wa ile mitano. Miaka mitatu inakupa msingi, haikupi mikono.

Kisangani ndiko saikolojia ilikowekwa pamoja na pedagojia wakati iniversite za nchi zilipounganishwa kuwa moja mwaka 1971, na wazee wengi wa kazi hii wametoka kule. Lakini mama wa watano hahamii Kisangani. Pita katika vyuo vya hapa karibu, umwone apariteri wa kila kimoja, na usione haya kuuliza: idara hii inatambuliwa na wizara? Nionyeshe karatasi. Staji inafanyikia wapi, nani anaisimamia? Masomo ni saa ngapi? Na pesa zote ni ngapi, si minervali tu, pamoja na silabusi, staji na siku ya kutetea kazi ya mwisho? Chuo kinachojibu swali la mwisho kwa «tutaona mbele ya safari», wewe shuka ngazi urudi nyumbani.

Na ujue utakutana na takwimu. Wengi wanaingia saikolojia wakikimbia hesabu, wanazikuta zimekaa mlangoni zinawangoja: wastani, mkengeuko, majaribio ya huku na huku. Mimi nilizisoma saa kumi za usiku na mshumaa, watoto wakiwa wamelala. Zinajifunzwa. Mama anayegawa kilo moja ya sambaza kwa watu wanane bila mtu kulalamika ameshaanza.

Nyumbani je? Hapo sina maneno mazuri. Kazi ya nyumba haipungui kwa sababu mama anasoma, inahama. Kama haina mtu wa kuhamia, inakuangukia usiku. Kwa hiyo kabla ya kuandikishwa kaeni chini wote saba, kila kazi ipewe jina la mtu: maji, moto, kufua, kupeleka mdogo shule. Wavulana pia. Kijana wangu wa pili leo anasonga bugali kuliko mimi, na sombe yake wageni wanaisifu wakifikiri ni yangu. Hakuna aliyekufa.

Sasa pesa, ambayo ndiyo swali lako hasa. Nitasema ninavyoona, na wewe unaweza kuyatupa. Mwaka huu binti aingie chuo, wewe uingie mafunzo ya APS. Si kwa sababu mama daima ni wa mwisho. Hesabu hiyo nimeichoka, nimeisikia tangu kwa bibi zangu. Ni kwa sababu mlango wako una ngazi ndogo ya kuanzia, wake hauna. Tena mwaka mmoja wa msichana wa umri huo kukaa bure katika mji huu, sote tunajua unavyoweza kuisha: anaposwa, au anapata mimba, na chuo kinakuwa hadithi. Wewe diploma yako imengoja miaka zaidi ya ishirini. Itangoja mwaka mmoja zaidi bila kuharibika.

Lakini isiwe «tutaona». «Tutaona» ndiyo iliyowaweka nyumbani wamama wengi niliowapokea ofisini, wakati wao wa kusoma umepita na hasira haijapita. Muandike tarehe, wewe na bwana yako: mwaka ujao wa masomo, mama anaandikishwa, wa kwanza katika hesabu. Mwiteni shahidi, aliyewafungisha ndoa au mkubwa wa familia. Na pesa za likelemba zisimezwe zote na minervali ya binti. Fungu moja, hata likiwa dogo, liingie katika kisanduku cha AVEC kwa jina lako, lisiguswe hata bati likivuja. Naye binti aambiwe wazi kwamba mama alimpisha, na kwamba kumpisha mtu kuna bei: jioni za mwaka ujao chungu ni chake.

Bwana yako simlaumu. Amehesabu alichonacho, na mshahara wa mwalimu unamfundisha mtu kuhesabu kwa kukata. Muonyeshe upande mwingine wa hesabu, ila usimdanganye. Katika jimbo letu kazi nyingi za saikolojia ziko katika mashirika, kwa mkataba wa miezi sita au mwaka. Hospitali zina nafasi chache. Anayeajiriwa na Serikali anaweza kungoja matrikile na mshahara muda mrefu, akila prime tu. Kuna shule chache, hasa za watu binafsi, zinazoanza kutafuta mtu wa kuwasikiliza wanafunzi, na pale pedagojia yako pamoja na saikolojia vitakuwa mali. Si njia ya kutajirika. Ni njia ya kuwa na kazi yenye jina, na mwezi mmoja unaingiza, mwingine unangoja.

Nimebakiza jambo moja, nalo nimelifikiria juma zima tangu niisome karatasi yako. Umeandika kwa mstari mmoja kwamba ulimuuguza mama mkwe mpaka alipotuaga. Mstari mmoja. Watoto umewahesabu, pesa umezihesabu, wamama wa kanisani umenukuu maneno yao, lakini kifo ulichokishika mikononi kimepita kati ya koma mbili. Huenda hakuna kitu pale, huenda alikuwa mzee aliyeshiba siku. Lakini mtu anayeingia kazi hii ataletewa vifo vya watu kila juma, na kile chake ambacho hakijasemwa kitaamka siku mgonjwa atakaposimulia kinachofanana. Nimeona APS mmoja mzuri sana akiacha kazi juu ya hilo. Kwa hiyo kabla ya mafunzo kuanza, tafuta mtu akusikilize wewe. Asiwe wa avenyu yako. Ukikosa, uniachie neno sandukuni, nitakuelekeza kwa mwenzangu ambaye hajui mimi na wewe tunaabudu wapi.

Jumamosi baada ya kikao, wamama wawili wa chama chetu waliopita katika mafunzo ya APS watabaki kwa ajili ya maswali. Hata asiyekuwa na diploma aje. Mimi nitaleta silabusi yangu ya takwimu ya mwaka wa kwanza. Kurasa mbili za mbele zimeliwa na panya, lakini mazoezi yako yote. Habari ya lishe, majani ya maboga na sambaza kwa watoto walioachishwa ziwa, itakuja juma lijalo.